Mistari Arobaini Niliyoiita Yangu

Hadija,

Nimekasirika. Nimelitanguliza hilo ili usiifungue barua hii ukitarajia machozi. Umekwenda Kicukiro kumuaga shangazi yako, alasiri imeshaswaliwa, nyumba iko kimya, nami nimeketi mezani pale pale ulipozoea kukaa na kompyuta yako. Begi lako liko mlangoni. Kesho alfajiri utapanda basi kituoni Nyabugogo hadi Kampala, na kutoka Kampala hadi Nairobi. Mambo ya kula, ya baridi, ya kuchagua nyumba na kuchagua marafiki hutayakuta humu. Una miaka ishirini na mbili. Kama kuna usilolijua, utajifunza kama nilivyojifunza mimi, kwa kuumia.

Ninachotaka kuandika ni lile jambo la Uzi. Tumeligombania jikoni kwa Kiswahili na Kinyarwanda hadi jirani akagonga ukuta, lakini hatujawahi kulisema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nitalisema lote, hata zile sehemu unazozijua, kwa sababu ukiondoka na nusu yake utajijazia nusu nyingine mwenyewe huko uendako, ukanipa ubaya nisiokuwa nao au wema nisiostahili. Yote mawili yananiudhi.

Uzi nilianza kuiandika ulipokuwa darasa la tatu. Chuo ninachofundisha, pale karibu na mzunguko wa Sonatubes, kilikuwa na kompyuta kuukuu za msaada, na programu za kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, zilizokuwapo zilichukua muda wa kunywa chai ndipo zifunguke. Saa ya somo iliishia kwenye kungoja. Nikaandika kihariri changu: ukurasa mtupu wa kuandikia msimbo, unaofunguka kabla hujainua kidole. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa bado anashona pale barazani, akaniuliza kitu hicho kinafanya nini. Nikamwambia kinashika maneno yasitawanyike. Akasema, “Basi ni uzi.” Jina likabaki. Walimu wa Huye wakaiomba, kisha wa Musanze, kisha wa Bujumbura na Goma. Nilikuwa mwanamke wa Nyamirambo, binti wa fundi cherehani, na watu nisiowajua walikuwa wanaandika kazi zao ndani ya kitu nilichokitengeneza mimi. Sikuwa na kitu kingine maishani chenye jina langu peke yangu. Nakueleza hili, lakini si utetezi.

Kisha yakaanza maombi. Kila mwalimu alitaka kitu kimoja: Uzi izungumze na seva za lugha. Nimelieleza darasani hadi nimechoka. Kihariri peke yake hakijui Python wala lugha nyingine yoyote ya kompyuta, kwake yote ni herufi tu. Seva ya lugha ni programu nyingine, inakaa pembeni, inaijua lugha moja barabara. Kihariri kinaipelekea unachoandika, nayo inajibu: mstari wa tisa una kosa, jina hili umelikosea, kile unachokitafuta kilielezwa kwenye faili lile. Mazungumzo yao yana kanuni moja, hivyo kihariri kikijifunza kanuni hiyo mara moja kinaweza kuongea na seva ya lugha yoyote.

Nikakataa. Kwa miaka mitatu nilikataa. Nilisema mwanafunzi anayeonyeshwa kosa kabla hajalitafuta hatajua kutafuta. Watu walinitikisia vichwa, wakasema Mwalimu Zainabu ana msimamo. Hoja yenyewe ilikuwa nzuri, ila haikuwa sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba nilikuwa nimeijenga Uzi ifanye jambo moja kwa wakati mmoja, na kuongea na seva kunataka iandike huku inasikiliza, nami sikujua namna ya kufanya hivyo bila kuivunja. Nilikuwa mwalimu anayeogopa somo. Hofu yangu nikaivika koti, nikaiita msimamo.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, likizo ya mwaka wako wa kwanza. Miezi miwili ulikaa mezani hapa, nikadhani unafanya kazi za chuo kikuu. Jumapili moja Fideli, mwenzangu wa chuoni, yule aliyekulia Uganda, alikuja kula pilau. Tulikuwa tumemaliza kunawa mikono ukaniita.

“Mama, njoo uone.”

Ulifungua Uzi. Uliandika mistari mitatu ya Python, wa tatu ukaukosea makusudi, na alama nyekundu ikajichora chini ya neno lenyewe hasa. Ulirekebisha neno, alama ikafutika. Uliweka kishale juu ya jina moja, ukabonyeza, na Uzi ikaruka hadi pale jina lile lilipozaliwa. Ukageuka kunitazama. Uso ule nitautaja mara hii moja tu, kwa sababu sina ujasiri wa kuutaja mara mbili: ulikuwa uso wa mtoto aliyebeba maji kutoka mbali bila kumwaga hata tone.

Nami nikasema, “Nani alikuruhusu?”

Nikakuondoa kitini. Nikaifungua ile sehemu ya kompyuta inayoonyesha programu zinazoendelea, nikaizima seva kwa mkono wangu, na Uzi ikaganda. Kishale kikasimama. Hakuna kitufe kilichojibu.

“Unaona? Imekufa.”

Fideli akajaribu. “Mwalimu, lakini hii kitu iko inafanya. Hiyo ya kuganda ni kidogo tu, mtoto atarekebisha.”

“Iko inafanya,” nikamwiga, “mpaka imfie mwanafunzi ndani ya mtihani.” Kisha nikakugeukia wewe. “Uzi si daftari la kuchezea. Ukitaka kihariri, andika chako.”

Ulifunga kompyuta, ukaenda jikoni, ukachambua maharage ambayo hakuna aliyekuwa amekutuma kuyachambua. Tangu siku hiyo hukuigusa Uzi tena.

Sasa sikiliza jambo ambalo hujalisikia kutoka kwangu. Nilijua ni kazi nzuri. Nilijua tangu dakika ya kwanza, kabla hata hujageuka. Niliona kwamba ulikuwa umepita mlango niliokaa mbele yake miaka mitatu nikisema umefungwa. Nilipaswa kusema: hapa panaganda, keti turekebishe. Maneno manne. Badala yake nilitafuta ufa mmoja nikaupanua hadi nyumba nzima ikaonekana mbovu. Sikuwa naogopa wanafunzi wawe wavivu, Hadija. Siku ile nilikuogopa wewe.

Miaka miwili ikapita. Chuo kikapata kompyuta mpya na mkuu wa idara mpya, mtu mwenye haraka, ambaye hata jina langu alilitamka kama anayesoma orodha. Akaniita, akasema Uzi itaondolewa muhula ujao kama haiwezi kufanya vinavyofanywa na vihariri vingine. Sikumwambia habari za kutafuta makosa. Msimamo wangu wote uliyeyuka mbele ya meza yake. Nikasema, “Nipe miezi minne.”

Ningeweza kukupigia simu. Ulikuwa bwenini, mwendo wa mabasi mawili. Sikupiga.

Nilianza peke yangu. Lile la kuganda nililimaliza ndani ya wiki moja, nikatenga sehemu ya programu ikae inaisikiliza seva huku nyingine ikiendelea kuandika, na nilifurahi sana kulimaliza kwa sababu ndilo nililokuaibisha nalo. Kisha nikakwama.

Alama nyekundu zilikuwa zinaangukia pasipo pake. Si kila mara. Mstari ukiwa na jina kama Théogène, alama inasogea hatua mbili kushoto. Niligundua kwamba Uzi huhesabu baiti, vile vipande ambavyo kompyuta hutunzia herufi, na herufi kama é inachukua baiti mbili, wakati seva inaihesabu é kuwa moja. Nikabadilisha, nikahesabu herufi. Majina yakapona. Halafu mwanafunzi akaandika kile kipicha cha uso unaocheka, na alama ikaruka kulia, kwa sababu seva ilikihesabu kipicha kimoja mara mbili. Nilirekebisha upande mmoja, upande mwingine ukaharibika. Na ubaya zaidi ni kwamba hata Uzi ilipoipasha seva habari za mabadiliko, iliyapeleka kwa ile hesabu ya zamani ya baiti, hivyo maandishi aliyoyaona mwanafunzi na maandishi yaliyoshikwa na seva yakawa mawili tofauti.

Niliijaribu darasani. Binti mmoja aitwaye Aimée aliandika jina lake ndani ya mstari usio na kosa lolote, akalifuta nusu, akaliandika upya, na Uzi ikalipigia mstari mwekundu. Akainua mkono.

“Madamu, jina langu ndiyo kosa?”

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia andika bila ile alama juu ya e. Akaandika. Nyekundu ikaondoka. Nilimwamuru mtoto wa watu akosee jina lake mwenyewe ili programu yangu ionekane nzima, na hilo pia limo katika hesabu yangu.

Wiki tatu. Nilisoma maelezo ya ile kanuni ya mazungumzo hadi maneno yakapoteza maana. Ndipo Jumanne moja asubuhi, kabla ya vipindi, nikafungua nakala yako ya zamani. Sikuwa nimeifuta. Unajua kwa nini sikuifuta? Mimi sijui. Ilikuwa pale pale tunapohifadhi msimbo wote wa Uzi, pembeni, na jina lako limeandikwa kwenye kila mstari.

Ulikuwa umelitatua. Mtoto wa miaka kumi na tisa, kwenye meza hii, alikuwa amelitatua kwa mistari arobaini: kila mahali kihariri na seva vinapokutana, hesabu inabadilishwa kutoka ya huyu kwenda ya yule, kwenda na kurudi, wala hakuna herufi inayopotea. Juu yake uliacha maelezo kwa Kiswahili: “Mama atauliza kwa nini ndefu hivi. Kwa sababu seva haihesabu kama sisi.”

Nikainakili. Ile mistari arobaini niliinakili yote. Na ule mstari wa juu, unaonitaja, nikaufuta.

Ningetaka kuandika kwamba nilifanya bila kufikiri. Hapana. Nilikaa na kidole juu ya kitufe, nikasoma neno “Mama”, nikalifuta. Kisha nikaihifadhi kazi, na mahali panapoandikwa nani amebadilisha nini pakaandikwa Zainabu.

Mkuu wa idara akaandaa kikao, walimu wakaja hadi kutoka Musanze. Ulikuja na wewe. Fideli ndiye aliyekualika, mimi sikukualika. Ulikaa safu ya nyuma umevaa ule mtandio wa kijani. Nilionyesha alama nyekundu zikiangukia mahali pake, nikaandika Théogène, nikaandika Aimée, nikaweka na kile kipicha, vyote sawa. Mwalimu mmoja akauliza, “Hili la hesabu ulilitatuaje? Sisi limetushinda.”

Mbele yako nikajibu, “Nilikaa nalo wiki tatu. Kisha siku moja nikifua nguo, likanijia.”

Ningeweza kusema tu “nilihangaika.” Nilileta na nguo. Nilileta hata sabuni, nadhani, maana watu walicheka kwa kupendezwa. Nikakutazama. Ulikuwa unapiga makofi pamoja na wengine.

Tulirudi kila mtu na pikipiki yake ya kukodi, hivyo hakuna lililosemwa njiani. Nyumbani nikakuuliza, “Umeonaje?”

“Vizuri, Mama.”

“Tu?”

“Umeieleza vizuri sana ile ya nguo.”

Ukaenda kulala kwa bibi yako. Na mimi, Hadija, nilikukasirikia. Mimi. Wiki nzima uliyokaa hapa nyumbani nilikukuta na makosa: sufuria hukuisugua vizuri, mtandio umeufunga vibaya, simu unaiongea kwa sauti. Nimejifunza kitu kibaya kuhusu binadamu na nimekijifunza kutoka kwangu mwenyewe: uliyemdhulumu, kumwona tu kunakuudhi. Anatembea nyumbani kama hati ya mashtaka. Ukimwona mtu anakuchukia bila sababu huko uendako, usikimbilie kujichunguza umemfanyia nini. Pengine yeye ndiye aliyekufanyia.

Na ninavyoijua dhuluma hiyo! Umeisikia hadithi ya bosi wangu mara ngapi? Nilikuwa na miaka ishirini na sita, katika ofisi ya kupokea mizigo kutoka bandari ya Dar, nikaandika programu ya kufuatilia makontena. Siku wageni walipokuja, bosi akaionyesha kuwa yake, amekaa kwenye kiti changu, anabonyeza vitufe kwa kidole kimoja, na mimi nikaambiwa nilete Fanta. Niliwaletea wageni Fanta na vifungulio. Nilipoweka chupa ya mwisho mmoja wao akamwambia bosi, “Una akili wewe.” Akasema ahsante. Nilikusimulia hilo ukiwa mdogo, ukiwa mkubwa, tukipika, tukianika. Na kila nilipomaliza nilikuambia vile vile: “Sikusema neno. Niliacha kazi kwa heshima yangu, nikamwachia Mungu.”

Nilijisifu kwa hilo. Nilikufundisha kwamba mtu mwenye heshima akiibiwa hunyamaza. Wewe ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na ulipofika wakati ukanifanyia mimi kama nilivyomfanyia yule mtu. Kwa hiyo nimepata vyote viwili: nimekuwa bosi, na nimekuwa mwalimu wa kimya kilichomlinda bosi. Sijui ni kipi kinanichoma zaidi.

Aliyenikamata ni Fideli. Mwezi ulikuwa umepita, alikuwa anapitia msimbo ili awaandikie walimu mwongozo. Akaja hapa na kompyuta chini ya kwapa, hakukubali hata chai.

“Mwalimu, hii sehemu ya hesabu ni ya Hadija.”

“Ni yangu. Soma jina.”

“Jina nimesoma.” Akaigeuza kompyuta. “Lakini tazama hapa. Imeandikwa mahari_pa_kosa. Wewe unatusahihishaga sisi wote. Wewe huwezi kuandika mahari.”

Nilitazama. Mahari pa kosa. Badala ya mahali, mahari, kana kwamba kosa linaolewa. Ile r yako ya shuleni, ile niliyokusahihisha tangu unajifunza kusema, nikikuambia kwamba katika nyumba hii, nyumba ya Waswahili wa Nyamirambo, hatuchanganyi r na l kama watu wa sokoni. Niliinakili mara sita ndani ya mistari arobaini bila kuiona. Macho yangu yanayoona r ya kila mtu hayakuiona, kwa sababu mwizi hasomi, anabeba.

Nilimfukuza Fideli. “Toka kwangu,” nilimwambia, mtu aliyekula pilau yangu miaka kumi. Alitoka. Mlangoni akasema, “Oya, Mwalimu, mimi sitasema kwa mtu. Ila mtoto aliona.” Siku tatu nilimtukana moyoni. Siku ya nne nilikwenda kwa mkuu wa idara kabla hajaketi vizuri, nikamwambia kila kitu, pamoja na nguo.

Alicheka! Hakukasirika, alicheka. “Mwalimu, cha mtoto si ni cha mama? Mambo ya nyumbani msiyalete ofisini.”

Nilimwambia cha mtoto ni cha mtoto. Nilimwambia kwa sauti iliyomfanya katibu afungue mlango. Na tangu siku hiyo nimelisikia neno hilo kwa watu wote, kwa dada zangu, kwa jirani, hata kwa baba yako akinipigia kutoka njiani na lori lake: cha mtoto ni cha mama, kuna kosa gani hapo. Wananipa mto wa kulalia. Ningekuwa nimeichukua kazi ya Fideli wangeniita mwizi. Nimeichukua ya binti yangu, naitwa mama. Mto huo siutaki, nimesema. Nautupa kila wanapouleta, na bado wanauleta.

Nikarudi nyumbani, nikaiondoa ile mistari niliyoiandika kwa jina langu, nikairudisha yako kama ulivyoiandika, na maelezo yako juu yake, na mahari yako yote sita, na jina lako kwenye kila mstari. Kisha nikawaandikia walimu wote wanaotumia Uzi, kuanzia Huye hadi Goma. Niliandika kwamba niliikataa kazi yako ulipoileta, kwamba niliichukua nilipoihitaji, na kwamba hakukuwa na nguo wala sabuni. Nikajiona nimetua mzigo. Nilipika. Naona haya kusema, lakini niliimba.

Wewe uliingia na barua hiyo kwenye simu, umetoka chuoni bila hata koti na mvua inanyesha.

“Uliniuliza?”

Nilidhani umekuja kunishukuru, Hadija. Ndivyo nilivyokuwa mbali.

“Uliniuliza mimi, Mama, kabla ya kuwaandikia hawa wote? Watu wa Goma wananijua leo kuwa mtoto aliyeibiwa na mama yake. Mimi sikuchagua hilo. Ungeniambia mimi. Hapa. Mtu mmoja!”

“Nilitaka kusafisha jina lako.”

“Ulitaka kusafisha lako!”

Nikakupigia kelele, nawe ukanipigia, ndipo jirani akagonga ukuta. Nikakuuliza, kama ulijua tangu siku ya kikao, mbona ulinyamaza. Mbona ulipiga makofi.

“Nilikuwa nangoja uniambie. Kila siku niliamka nikasema leo ataniambia. Ulinisema kuhusu sufuria.” Kisha ukasema lile ambalo sitalisahau. “Na wewe bosi wako ulimwambia?”

Swali hilo ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Hivi ndivyo ninavyolielewa sasa, na sikulielewa siku ile. Walimu wengi walikuwa rahisi. Ningeweza kuwaandikia nikiwa nimeketi, nikachagua maneno, na hakuna hata mmoja ambaye angenitazama. Wewe ungenitazama. Niliungama kwa wote ili nisiungame kwako. Ulikuwa na haki ya kuwa wa kwanza kusikia, na haki ya kuamua nani mwingine asikie, nami nikakunyang'anya hata hilo, mara ya pili, na safari hii nikijiita mwema.

Wiki mbili baadaye nilisikia kwa shangazi yako kwamba umepata kazi Nairobi, kwa watu wanaotengeneza zana za waandika programu. Kwa shangazi yako! Hilo nalo limenikasirisha na sitajifanya halikunikasirisha. Nilikuwa na sahani mkononi, nikaiweka chini polepole ili nisiivunje. Lakini najua umejifunza wapi kuwaambia wengine kwanza.

Basi. Nilikuwa na mpango wa kukuomba msamaha hapa mwishoni, nikaandika ukurasa mzima, nikauchana. Ulikuwa mzuri mno. Ulikuwa na sabuni. Nitasema hivi tu: nilikuibia kazi yako, nikakuibia na nafasi ya kunikabili, na sijui ni lini utamaliza kunikasirikia. Sikuhimizi. Pengine hutamaliza.

Hasira yangu ina pande nyingi na si zote ni zangu kuzibeba. Namkasirikia bosi yule na wageni wake. Namkasirikia mkuu wa idara na kicheko chake. Nakukasirikia wewe kwa makofi yale, ndiyo, wewe pia, kwa sababu ungesimama pale nyuma ukasema “Mama, si kweli,” ningefedheheka siku moja badala ya mwezi. Halafu najikasirikia kwa kudai ujasiri huo kwa mtoto niliyemlea asiwe nao.

Kuna jambo moja nakuomba, na si kwa ajili yangu. Huko utakaa na watu werevu. Mmoja atachukua kitu chako, kwa tabasamu, pengine bila hata kujua. Usimletee Fanta. Sema siku hiyo hiyo, ukiwa umesimama, hata sauti ikitetemeka, hata kama baadaye utaonekana mkorofi. Mimi nilichagua kuonekana na heshima, na umeona heshima ile ilizaa nini.

Na kwangu fanya vivyo hivyo. Ukikumbuka jambo jingine nililokufanyia ambalo mimi nimelisahau, maana yatakuwapo, usininyamazie na usimpe shangazi yako. Nipigie mimi. Nipigie hata nikiwa darasani, nitawaacha wanafunzi na kutoka nje. Piga ukiwa umewaka. Sitakuambia upoe kwanza, na siahidi kwamba nitakujibu kwa upole, kwa sababu hunijui hivyo na mimi sijijui hivyo. Ila nitapokea, na sitakata simu kabla yako.

Nasikia pikipiki nje, nadhani ni wewe. Barua hii sitaificha ndani ya begi uje kuikuta mpakani. Nitakupa mkononi sasa hivi, ukae hapa uisome, nami nitakaa mbele yako hadi uimalize.

Mama yako,
Zainabu